Hakuna cha siku 21: kwanini tabia inarudi ukirudi kijiweni (uzi mrefu, vumilieni)

wakala_wa_kona:

Wakuu salaam.

Kila Januari lazima tuimbiwe huu wimbo wa "fanya kitu siku 21 mfululizo kinakuwa tabia, acha siku 21 unakuwa umeacha". Wahamasishaji wanausema, wachungaji wanausema, kwenye magrupu ya WhatsApp unazunguka na picha ya jua linachomoza. Sasa mimi nina swali dogo tu. Ramadhani ina siku 29 au 30. Mvuta sigara anayefunga anakaa kuanzia alfajiri mpaka magharibi hajavuta hata pafu moja, mwezi mzima, na joto la Dar hili. Kwa hesabu ya 21, ikifika Idd ile sigara yake ya saa 4 asubuhi ilitakiwa iwe marehemu. Nendeni Idd Mosi pale kwenye kahawa mkaangalie. Kwaresima nayo siku 40, kuna watu wanaacha bia kweli kabisa na wala hawaibi, Pasaka jioni unawakuta baa ileile, kiti kilekile, na mhudumu hawaulizi hata wanakunywa nini.

Hiyo 21 ilikotokea wala sio kwenye utafiti wa tabia. Kulikuwa na daktari Mmarekani wa upasuaji wa kurekebisha sura, Maxwell Maltz, mwaka 1960 akaandika kwamba wagonjwa wake walikuwa wanachukua angalau siku kama 21 kuizoea sura mpya kwenye kioo. Basi. Watu wakachukua 21, neno "angalau" wakaliacha hukohuko, na habari ya sura kwenye kioo wakaiacha pia. Waliokuja kupima tabia yenyewe ni Phillippa Lally na wenzake wa University College London, mwaka 2009 walitoa matokeo ya watu 96, kila mmoja kajichagulia kitu kimoja kidogo cha kufanya kila siku, kama kunywa maji wakati wa chakula cha mchana au kukimbia dakika 15 kabla ya chakula cha usiku. Mtu wa katikati alichukua siku 66 mpaka kitu kikaanza kujifanya chenyewe. Aliyewahi sana siku 18, na wa mwisho ilibidi wamkadirie, ikaja siku 254. Yani kuna mtu wiki mbili na nusu na kuna mtu miezi nane, na kunywa maji kulishika haraka kuliko mazoezi, ambalo hata bibi yangu angewaambia bure.

Ila siku sio hoja yangu. Hoja yangu ni kwamba tunahesabu kitu ambacho sicho. Tabia haikai kwenye kalenda wala haikai kwenye nia, inakaa mahali. Inakaa kwenye kile kiti, ile saa, ile njia ya kutoka kazini, yule mshikaji anayekwambia "oya vipi". Ukibadilisha nia ukaacha mahali palepale unakuwa umejipa kazi ya kupigana kila siku, na kuna siku utachoka tu.

Mimi ni wakala wa miamala, kibanda changu kiko kona ya stendi, na nyuma yangu ni kijiwe cha bodaboda. Nimewaangalia hawa vijana wanavyobeti kwa muda mrefu na nikwambie kitu, wengi hawabeti kwa sababu wana njaa ya pesa, njaa ipo ila sio inayowasha moto. Kinachowasha moto ni kusubiri. Pikipiki imezimwa, abiria hakuna, mkono unaenda mfukoni, simu inatoka, dole gumba linajua lenyewe pa kugusa. Siku ya abiria wengi, labda mwisho wa mwezi au mvua imepiga kila mtu hataki kutembea, kijana yuleyule mwenye madeni yaleyale habeti kabisa mpaka usiku. Hajabadilika roho yake siku hiyo, amekosa tu ule mwanya wa kukaa bure na simu.

Ubongo unavyofanya hii kazi walishauchungulia kwa panya. Pale chuo kikuu cha MIT Marekani kuna mama mtafiti anaitwa Ann Graybiel, yeye na wenzake walikuwa wanapitisha panya kwenye kinjia chenye umbo la herufi T, mwisho wa kinjia kuna chokoleti. Siku za mwanzo ubongo wa panya unachemka njia nzima, ananusa, anasita, anakata kona sio. Akishazoea unawaka pale mwanzo anapoanzishwa na unawaka tena mwisho akifika, katikati kimya, miguu inajiendea. Sasa sikilizeni hapa ndo penyewe. Wakaondoa chokoleti, ile alama kwenye ubongo ikapotea. Wakairudisha chokoleti, alama ikarudi haraka kama haikuwahi kuondoka. Kwahiyo ukisikia mtu anasema "nimeifuta ile tabia", hajaifuta, ameizika kaburi la juujuu. Ndo maana mtu miaka kumi hajavuta, anakaa siku moja na wale jamaa zake wa zamani kwenye msiba, kahawa inapita, mkono unaomba sigara wenyewe.

Kingine ni hii dopamini, kemikali ya ubongo inayotajwa kila kona. Wengi wanadhani ni raha ya kupata. Mtafiti wa ubongo Wolfram Schultz alipima kwenye nyani wanaopewa juisi, mwanzo zile seli za dopamini zinapiga kelele nyani anapopata juisi, baadae akishajifunza kwamba kuna taa inawaka kabla ya juisi, kelele zinahamia kwenye taa, juisi yenyewe ikija wala hazishtuki. Tafsiri yake kijiweni ni kwamba ule mlio wa simu na ile mechi kuanza vinamsisimua kijana kuliko hata pesa ikiingia. Nimewaona kwa macho yangu, mtu katiki mkeka (timu zote alizobetia zimeshinda) anakuja kutoa hela uso mkavu, ila kabla ya mechi alikuwa anaruka.

Alafu kubeti kumewekewa kitu kibaya zaidi, malipo yasiyojulikana yatakuja lini. Mwanasaikolojia Skinner alishaonyesha zamani kwa njiwa, njiwa ukimlipa kila akidonoa, siku ukiacha kumlipa anaacha mapema, ila ukimlipa kwa kubahatisha anadonoa weee hata usipompa kitu. Na mkeka una ule ugonjwa wa kuchanwa na timu moja. Timu tisa zimetiki, moja imesawazishiwa dakika za majeruhi, kijana anaona alikuwa karibu. Hakuwa karibu. Fanyeni hesabu, timu 10 za odds 1.50 (ikishinda, kila shilingi inarudi moja na nusu), hata tukiwa wakarimu tuseme kila moja ina nafasi 2 kati ya 3 za kushinda, zote kumi kutiki kwa pamoja ni chini ya mara 2 kati ya 100. Lakini waliopima ubongo wa watu wanaocheza mashine za kamari walikuta kukosa padogo kunawasha sehemu zilezile zinazowashwa na kushinda. Yani anapoteza na ubongo unampongeza.

Mfano mkubwa kuliko yote wa kwamba tabia inakaa mahali ni wa wanajeshi wa Marekani kule Vietnam. Heroini ilikuwa bei chee, na inakadiriwa karibu mmoja kati ya watano wa askari wa kawaida alikuwa amenasa. Juni 1971 Rais Nixon akaunda ofisi maalumu ya kushughulikia, nchi nzima inaogopa kwamba vijana wakirudi mitaa itajaa mateja. Wakampa mtafiti Lee Robins kazi ya kuwafuatilia. Katika wale walionasa kule, waliorudi kwenye uraibu ndani ya mwaka wa kwanza nyumbani walikuwa kama 5 kwa 100. Hapa kwetu kijana anatoka sober house (nyumba ya kuwasaidia watu kuacha unga) amenenepa, anang'aa, anashushwa maskani kwake kulekule alikokuwa anabwia, kwa walewale, tunashangaa baada ya muda amerudi na tunasema hana akili.

Mnakumbuka mwaka 2020 corona ilipoingia? Kila duka ndoo ya maji tiririka na sabuni mlangoni, benki, baa, stendi, nchi nzima tunanawa mpaka mikono inachubuka. Na tulinawa zaidi ya siku 21 wakuu. Leo hiyo tabia iko wapi? Iliondoka na ndoo.

Kwahiyo kwa mtu anayetaka kuacha kitu mimi namwambia asianze na kuapa, aanze na kuchunguza kama mpelelezi. Kinakupata wapi, saa ngapi, uko na nani, umetoka kufanya nini, unajisikiaje. Utashangaa ni mahali pawili patatu tu. Hapo sasa ndo unaweka vikwazo. App futa, na ukitaka kuirudisha uanze upya na nywila ambayo hukuitunza. Kampuni waandikie wakufungie akaunti. Hela ya siku usikae nayo kwenye laini ileile ya kubeti. Hata sekunde 20 za usumbufu zinasaidia kwasababu dole gumba halina subira. Na ule mwanya wa kusubiri abiria uwe na kitu kingine cha kuujaza, bao, karata, gazeti, chochote, usiuache mtupu.

Nimemaliza, karibuni mnipinge.

chai_na_kitumbua:

Mkuu umeandika gazeti zima. Weka kwa ufupi sisi wengine bando linaisha

wakala_wa_kona:

Ufupi wake ni neno moja mkuu, hama.

mzee_wa_gerezani:

Vijana mnapenda sana kutafutia visingizio kwenye ubongo. Mimi sigara nilivuta tangu nikiwa kijana mdogo, pakiti kwa siku, nikaacha siku moja tu, kwa nia. Hakuna cha panya hakuna cha Vietnam. Mtu akiamua ameamua. Tabia haina dawa ila mwenyewe.

wakala_wa_kona:

Shikamoo mzee wangu. Sibishani na wewe, ila naomba niulize, hiyo siku moja ilikuwa wakati gani wa maisha yako, ulikuwa wapi?

mzee_wa_gerezani:

Marahaba. Nilikuwa nimehamishwa kikazi, nimetoka Arusha nimepelekwa Mtwara. Nikashuka kwenye gari nikasema basi, sivuti tena. Sasa hiyo inahusiana na nini?

nesi_wa_zamu:

😂😂 mzee umemaliza mjadala bila kujua

wakala_wa_kona:

Mzee wangu inahusiana sana. Arusha kulikuwa na duka ulilozoea, kuna benchi, kuna wenzio wa saa ya chai. Mtwara siku ya kwanza hakuna hata mtu mmoja aliyejua kuwa wewe unavuta. Nia ulikuwa nayo sikatai, na heshima yako, ila jiulize hiyo nia ulikuwa hujawahi kuwa nayo ukiwa Arusha? Naamini uliapa mara nyingi tu.

Mtafiti wa tabia Wendy Wood na wenzake mwaka 2005 walitoa utafiti wa wanafunzi wanaohama chuo kimoja kwenda kingine, wakaangalia mazoea yao ya mazoezi, kusoma gazeti na kuangalia TV. Yale mazoea ambayo mazingira yake hayakubadilika yaliendelea, ambayo mazingira yake yalibadilika yalikatika, na hapo ndipo kile mtu anachokitaka kikapata nafasi ya kusikika. Kwahiyo ukihama nyumba, ukibadilisha kazi, ukioa, ukipata mtoto, hizo ndo wiki za kufanyia mambo. Ukichelewa unajikuta umeshatengeneza benchi jipya.

mzee_wa_gerezani:

Niliapa mara nyingi, hapo umenipata. Lakini bado nasema bila nia hata ungepelekwa mwezini ungevuta.

wakala_wa_kona:

Hilo tumekubaliana mzee 🙏🏾

msee_wa_thika:

Niaje wadau. Niongeze kitu kutoka huku Kenya. Mwaka 2017, tarehe 28 Agosti, serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki, faini hadi milioni nne ama miaka minne ndani. Watu walipiga makelele hiyo wiki ya kwanza, ati tutabebea nini mboga. Saa hii mamangu hawezi toka nje bila kiondo, hata akienda tu kwa jirani. Hajawahi soma mambo ya mazingira, hakuna mtu alimfundisha. Mfuko ulipotea dukani, akaenda sokoni akakuta hakuna, ikabidi. Lakini mimi nadhani ni uoga wa faini, si mahali vile unasema.

wakala_wa_kona:

Karibu jirani. Huku kwetu ilianza 1 Juni 2019, ile mifuko ya rambo ikapotea. Faini ilisaidia kuiondoa dukani, sawa, ila mama yako akiwa anashika kiondo asubuhi hafikirii polisi. Angalia kwingine ambako faini ipo na kitu bado kipo, watu wanatupa taka nje ya dirisha la basi na faini imebandikwa kwenye hilohilo basi. Faini inafanya kazi pale inapokuondolea kitu mbele ya macho, ikikiacha mbele ya macho alafu ikakutisha tu, utajifunza kuangalia kushoto kulia kwanza.

Alafu kuna hii ya London, Februari 2014 wafanyakazi wa treni za chini ya ardhi waligoma, vituo vingine vikafungwa kwa siku mbili, watu ikabidi watafute njia nyingine. Watafiti walifuatilia kadi za usafiri, wakakuta kama 5 kati ya 100 hawakurudi kwenye njia yao ya zamani baada ya mgomo. Yani miaka yote walikuwa wanapita njia ndefu na hawajui. Ila pia iangalie kwa upande wa pili, 95 walirudi palepale njia ilipofunguliwa.

msee_wa_thika:

Hiyo ya 95 ndio inaumiza. Nimeelewa boss.

nesi_wa_zamu:

Uzi mzuri ila naomba nikae hapa kidogo kwa sababu kuna mtu atasoma aende kumfungia mume wake chumbani.

Sio kila kitu ni tabia. Mtu anayekunywa pombe nyingi kila siku kwa muda mrefu, mwenye kuamka na mikono inatetemeka mpaka apate ya kutoa lock, huyo msimkatishe ghafla nyumbani. Anaweza kupata degedege, akaanza kuona vitu visivyokuwepo, na watu wanakufa kwa hiyo kitu. Huyo aende hospitali, apunguziwe akiwa chini ya uangalizi na dawa zipo. Baada ya hapo ndo mje na habari za kubadilisha kijiwe.

Heroini ni tofauti kidogo, arosto yake inatesa mno, mwili unauma, kutapika, kuharisha, usingizi hakuna, ndo inayowarudisha wengi kabla hata ya maskani haijawaita. Kwahiyo msimseme aliyetoka sober house akarudi kama vile ni mazingira tu. Muhimbili walianza huduma ya methadone (dawa inayotolewa badala ya heroini) Februari 2011 na baadae ikaenda hospitali nyingine, mtu anakuja kila siku anakunywa dozi yake mbele ya mhudumu. Na ukiangalia vizuri, hiyo yenyewe inamjengea mtu ratiba mpya, kila asubuhi ana pa kwenda na kuna mtu anamuuliza umeamkaje.

Na hao wanajeshi wa Vietnam wakuu, kumbukeni wengi wao hawakuwa na historia ya hayo mambo kabla ya kwenda vitani. Kijana aliyeanza unga akiwa na miaka 15 hapahapa mtaani kwao, mtaa wa kurudi ambao ni msafi hana.

wakala_wa_kona:

Dada nesi asante, hiyo nilitakiwa niiweke juu kabisa. Wote mliofika hapa someni post ya huyu dada kabla hamjaenda kumshauri mtu.

bintiwapwani:

Na mimi naomba nipite upande wa kujenga tabia maana naona mmekazania kuacha tu. Mama yangu ana presha, vidonge alikuwa anasahau kila siku, tukamuwekea kengele kwenye simu, anaizima anaendelea na ususi wake wa ukili. Kilichosaidia ni taarifa ya habari. Mama taarifa ya habari ya saa 2 usiku hajawahi kuikosa hata siku ya harusi yangu alitafuta TV. Tukaweka dawa na glasi ya maji juu ya meza ya TV, habari ikianza anameza. Saivi hata akiwa safarini akisikia mwanzo wa habari anauliza dawa zangu ziko wapi. Hatukumuongezea kitu kipya, tulikipandisha juu ya kile anachofanya kila siku bila kukosa.

wakala_wa_kona:

Hii ndo dawa ya upande wa pili, na wanasaikolojia wana jina lake la kupanga "ikitokea hivi, nitafanya hivi". Peter Gollwitzer kaandika sana kuhusu hii, tofauti ya kusema "nitafanya mazoezi" na kusema "nikimaliza kuswali alfajiri navaa raba natoka". La kwanza ni ndoto, la pili lina pa kushikia. Kengele ya simu haishiki kwasababu inalia ikukute popote unafanya chochote, taarifa ya habari inakukuta umekaa, palepale, muda uleule.

mama_pacha:

Jamani samahani naingilia. Mwanangu mmoja kati ya mapacha anakula kucha mpaka damu. Nimepaka pilipili, nimepaka shubiri, nimemchapa kidogo, amezoea pilipili sasa nadhani anaipenda. Hii nayo ni mahali?

nesi_wa_zamu:

Pole mama pacha. Usimchape, mara nyingi hata hajui kama kidole kimeingia mdomoni. Kuna njia ya Azrin na Nunn, tangu mwaka 1973, hatua yake ya kwanza ni kumsaidia mtoto agundue. Mkubaliane ishara ya siri, ukiona mkono unapanda unagusa sikio lako, na yeye anajua maana yake. Hatua ya pili ni mkono kupewa kazi nyingine ambayo haiwezekani kuifanya huku unakula kucha, akunje ngumi ashike kitu kwa dakika moja mpaka tatu hivi. Angalia pia ni wakati gani, wengi ni wakiwa wanaangalia katuni au wanasubiri kujibu swali darasani. Na umsifie akikunja ngumi, usisubiri mpaka kucha ziote.

mama_pacha:

Katuni! Haki ya Mungu ni kwenye katuni. Asante sana mdogo wangu.

chai_na_kitumbua:

Bando limerudi nimesoma yote. Swali, kwanini mchezo wa kupeana hela wa wamama hakuna anayekosa kutoa, alafu mimi kibubu changu nakivunja kila mwezi? Maana mke wangu hela ya mchezo anaitoa hata tukilala njaa

wakala_wa_kona:

Kwasababu kibubu kinakusubiri wewe na kijumbe hakusubiri 😂 Mchezo una siku yake, una mtu anayekuja mlangoni, una majirani watakaojua kabla ya jioni, na hela ikishatoka huwezi kuamka usiku ukairudisha na kisu. Kibubu kina nia peke yake. Kule Ufilipino watafiti walishirikiana na benki moja, wakawapa baadhi ya wateja akaunti ambayo mwenyewe unajifungia, hutoi mpaka ifike tarehe au kiasi ulichokisema. Baada ya mwaka waliopewa nafasi hiyo akiba yao ilikuwa imepanda kwa asilimia 81 ukilinganisha na wenzao ambao hawakupewa. Watu haohao, mishahara ileile.

bintiwapwani:

Na ukumbuke kijumbe anatukana 😅

abiria_wa_mwisho:

Wakuu mimi ni mmoja wa hao wa kijiwe cha nyuma, sio kijiwe cha mleta mada ila ni kilekile tu. App nimeshafuta na kurudisha sijui mara ngapi. Wenzangu wote wanabeti, nikikaa nao wanasoma mkeka kwa sauti, nikikaa mbali abiria wanachukua wao. Kuhama siwezi, hicho ndo kituo changu kimesajiliwa. Na juzi niliteleza siku moja nikasema ah si nimeshaharibu, nikamalizia na wiki nzima.

wakala_wa_kona:

Ndugu yangu hapo mwisho kwanza. Kwenye ule utafiti wa watu 96 waliangalia pia siku za kukosa, siku moja ya kuruka haikuharibu safari ya kujenga tabia. Kinachomaliza watu ni hiyo "si nimeshaharibu". Ukiteleza Jumanne, Jumatano ni siku ya kawaida, usiipe jina.

Kuhusu kijiwe, kama huwezi kuhama mwili hamisha hela na simu. Simu ya kazini iwe kitochi, inapokea abiria wako na inapokea malipo, basi. Hiyo kubwa yenye intaneti ibaki nyumbani. Utasikia mikeka ikisomwa ndio, ila kati ya kusikia na kuweka kutakuwa na safari ya kwenda nyumbani, na njiani utapata abiria.

abiria_wa_mwisho:

Kitochi nacho unabeti kwa menyu ya nyota mkuu, unaijua vizuri wewe wakala.

nesi_wa_zamu:

😂😂😂 wakala kabanwa

wakala_wa_kona:

Hahaha kweli kabisa, naijua. Basi salio la laini hiyo lisizidi la mafuta. Kila ukifikisha hesabu ya tajiri pita kwa wakala umtumie palepale, kinachobaki tuma kwa shemeji, kiwe chake, asikurudishie hata ukimlilia mpaka jioni. Menyu ya nyota bila salio ni hesabu za darasani tu.

Na bao je, kijiweni kwenu lipo?

abiria_wa_mwisho:

Lilikuwepo, mzee mmoja alikuwa analileta, akaacha kuja. Misumari na ubao vipo kwa fundi seremala jirani, naweza kuchongesha. Kuna wawili pale nao wamechoka kuliwa, tunaweza kuanza watatu. Ila kuna dabi inakuja mkuu, Simba na Yanga, siku hiyo mikeka inaanza kusomwa asubuhi na wote tunaangalia banda umiza (kibanda cha kulipia kuangalia mpira).

wakala_wa_kona:

Siku hiyo banda umiza usikanyage. Mpira angalia nyumbani na shemeji, au kama shemeji ni wa timu pinzani nenda kwa jirani mwenye redio. Hela ya siku hiyo itume kabla ya saa 4 asubuhi. Na hao wawili waambie leo, kabla hamjachongesha bao, ili Jumamosi muulizane.

abiria_wa_mwisho:

Shemeji yako ni Yanga mkuu, mimi Simba. Bora banda umiza 😂😂 Ila poa, nitaenda kwa jirani. Hao wawili nimeshawatumia meseji.